Nyama Isiyojikunja

Mama Atiemo alichukua konokono mmoja kwenye beseni la Dufie, akamgeuza, akambonyeza unyayo kwa kidole gumba. Konokono mzima ukimbonyeza hivyo hujivuta ndani ya gamba lake papo hapo, kwa hasira. Huyu hakujivuta. Nyama yake ilibaki imening'inia nje, laini. Mama Atiemo akamweka pembeni na kuchukua mwingine.

Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo kijijini kwao ardhi hupumzishwa na hakuna anayeshika jembe. Kwa hiyo kila mwanamke aliyekuwa na kitu cha kuuza alikuwa pale njia panda akisubiri wanunuzi wa Kumasi, na wote walikuwa wanatazama.

"Hawa wamekufa, Dufie."

"Hawajafa, Mama. Wamelala tu. Wametoka mbali."

"Nanunua konokono tangu wewe hujaolewa. Konokono akilala hufunga mlango. Huyu mlango uko wazi na mwenye nyumba hayumo." Wanawake wakacheka. Mama Atiemo akainua kidole chake, kimejaa povu la manjano. "Na hili je? Umewaogesha kwa sabuni ya unga?"

Wakacheka tena, na aliyecheka zaidi ni muuza pilipili ambaye juzi tu alikuwa amemwazima Dufie kiberiti. Dufie naye akacheka kidogo, kama mtu anavyocheka akiwa hana la kufanya.

Mama Atiemo hakuwa mtu mbaya. Aliwabonyeza wote, mmoja mmoja, ingawa lori lilikuwa linampigia honi. Akachagua ishirini na wawili waliojikunja, hata wale waliojikunja kwa uvivu, akalipa bei ya siku zote bila kubishana. Kisha akachukua ndimu nne kwenye kikapu chake, akaziweka juu ya wale waliobaki.

"Hawa siwezi kuwapeleka mjini. Utaona mwenyewe cha kufanya. Na usiniletee tena waliolala."

Dufie alijitwika beseni na kuondoka. Konokono thelathini na zaidi walikuwa kichwani mwake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akikwaruza beseni kutafuta njia ya kutoka.

Alijua walikotoka. Jumanne jioni Ntim, mumewe, alirudi kutoka kwenye kikosi cha kupiga dawa ya kakao, akanawa mpaka viwiko, na kabla hajakaa chini alisema, "Leo tumepiga kwa Mzee Sarfo. Usiende kuokota kitu huko mpaka mvua kubwa mbili zipite." Alisema kwa upole, kama anavyosema mambo yote. Dufie akaitikia.

Mvua iliyoanza jioni ile ilinyesha usiku, moja. Jumatano alfajiri Dufie alikwenda ukingo wa msitu anakookota siku zote, akapata konokono watatu, tena wadogo. Njia ya kurudi ilipita kando ya shamba la Mzee Sarfo. Jua lilikuwa limeshatoka, saa ambazo konokono hujificha chini ya majani makavu na hata mwenye macho mazuri hawaoni. Lakini pale walikuwa nje, juani, chini ya mikakao, wengine wamepanda mashina mpaka kimo cha mtu, wakubwa kama ngumi. Walikuwa wanasubiri kuokotwa.

Alisimama kidogo. Alijiambia kwamba mvua ya usiku ilikuwa kubwa kama mbili. Kisha akainama.

*

Mama mkwe wake, Eno Nsowaa, alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani akipepeta karanga. Alikuwa hana jino hata moja, na macho yake yalikuwa yamefifia, lakini pua yake ilikuwa inafanya kazi ya vyote.

"Nasikia harufu ya msitu. Umerudi na konokono?"

"Waliobaki, Eno. Mama Atiemo hakuwataka."

"Hakuwataka! Mama Atiemo anataka konokono wa kuvaa viatu. Lete kwetu tusio na maringo." Kikongwe akapiga makofi mawili mepesi. "Tangu mazishi ya kaka yangu sijaonja nyama. Hata ndoto zangu siku hizi ni za mboga."

Mazishi yale yalikuwa Julai, na sasa ilikuwa Septemba inakwisha. Dufie alikuwa amekuja na neno mdomoni. Alitaka kusema, Eno, hawa nawatupa. Neno lile lilifika kwenye meno likarudi. Angeulizwa kwa nini anatupa nyama, na jibu la kwa nini lingefika kwa Ntim.

Akaenda nyuma ya jiko akaanza kuvunja magamba.

Amesafisha konokono tangu akiwa na miaka sita, na mikono yake inaijua kazi kuliko kichwa. Ukikamulia ndimu, nyama ya konokono hukaza. Hujikusanya na kuwa ngumu kama kisigino, mpaka kisu kinateleza. Nyama hii haikukaza. Alikamua ndimu ya kwanza, ya pili, na nyama ililala kiganjani kama kitambaa kilicholowa. Ute haukuisha, aliufuta ukaja mwingine, wa manjano. Ule mkia uliojiviringa mwisho wa gamba, ambamo mna ini, huwa wa rangi ya kahawia iliyoiva na hushikamana. Hii mikia ilikuwa imepauka. Baadhi ilipasuka mikononi mwake ikamwagika kama uji.

Iliyomwagika aliitupa shimoni, akaifukia kwa mguu. Iliyobaki akaiosha kwa ndimu, kwa chumvi, kwa majivu, kisha kwa ndimu tena. Kwa kawaida maji manne yanatosha. Siku hiyo alibadilisha maji mara saba.

Ntim alikuja kutwanga fufu ya muhogo na ndizi. Yeye akashika mchi, Dufie akakaa kando ya kinu kugeuza, mkono wake ukiingia na kutoka kati ya mapigo. Walikuwa wamefanya hivyo miaka kumi na tisa na Ntim hajawahi kumgusa kidole.

"Wametoka wapi hawa?" aliuliza, akiangalia sufuria.

"Msituni. Upande wa mto."

"Mto una baraka mwaka huu."

"Twanga, baba, fufu inapoa."

Mchuzi wa mawese ulikuwa umeiva, mwekundu, unachemka taratibu. Kabla hajaitia nyama, Dufie alichukua bakuli lake mwenyewe akachota mchuzi, akalifunika kwa kifuniko na kuliweka juu ya rafu. Alijiambia kwamba chungu kimejaa mno, nyama itakosa nafasi. Kisha akaitia nyama.

*

Walikula saa sita na nusu. Nyama ya unyayo alimpa Ntim, kwa sababu ni mwanamume na ana meno. Mikia, iliyo laini, alimpa Eno Nsowaa, kama ilivyo desturi ya nyumba ile tangu meno ya kikongwe yalipoanza kuondoka. Mikia kumi na moja. Eno aliihesabu kwa kidole ndani ya mchuzi, akacheka peke yake.

"Na wewe?" aliuliza baadaye. Macho yake yaliona vibaya lakini yaliona bakuli lisilo na nyama. "Huna kitu."

"Nimeshiba harufu, Eno. Mpishi hushiba harufu."

"Uongo wa wapishi." Kikongwe alivua mkia mmoja kwa vidole vyake vilivyopinda, akanyoosha mkono unaotetemeka juu ya mkeka, akautia kwenye bakuli la mkwewe. "Kila siku unatulisha sisi, wewe unalamba mwiko. Kula, mwanangu."

Dufie aliutazama ule mkia. Kisha akauchukua, akaurudisha kwenye bakuli la Eno Nsowaa.

"Leo sina hamu, Eno. Kula wewe."

"Ntim, umemwona mkeo? Umeona? Wengine wanawaficha mama wakwe nyama chini ya kitanda."

"Namwona, mama," alisema Ntim, na akamtazama Dufie kwa macho ya shukrani. Dufie akainamia mchuzi wake.

*

Ilipofika saa tisa Eno Nsowaa alisema ana joto, na jasho lilikuwa linamtiririka kama amemwagiwa maji. Kisha akatapika. Kisha mate yakaanza kumtoka, mengi, meupe, yasiyokatika. Dufie aliyafuta kwa kanga yakaja mengine. Ntim naye alikuwa ameshika tumbo na kamasi linamtoka, lakini alisimama.

Muuza pilipili, aliyecheka asubuhi, ndiye aliyekuja mbio na kumbeba kikongwe mgongoni mpaka barabarani. Dereva wa teksi alitandika shati lake mwenyewe kwenye kiti, akasema wasijali, litafuliwa. Hawakumwomba, alilivua tu.

Kituo cha afya kilikuwa na nesi mmoja siku hiyo, Sista Lariba, mtu wa kaskazini, mwembamba, mwenye kusema polepole. Alimtundikia kikongwe dripu, akamfunua macho kwa vidole na kuyamulika. Mboni zilikuwa zimekuwa ndogo kama punje za mtama.

"Amekula nini?"

"Fufu," alisema Dufie. "Na mchuzi."

"Mchuzi wa nini?"

"Mawese."

Sista Lariba akamgeukia Ntim. "Nyumbani kuna dawa za shamba?"

"Mimi ni mpigaji dawa, Sista. Kikosi cha kakao."

"Dawa unaiweka wapi?"

"Inakaa kwenye ghala la kikosi. Nyumbani sileti. Nguo tu."

"Nguo anafua nani?"

"Mke wangu."

Nesi alimtazama Dufie kutoka kichwani mpaka miguuni. "Wewe unaumwa?"

"Siumwi."

"Hata tumbo?"

"Hata tumbo."

"Ajabu. Anayefua ni mzima, na bibi aliyekaa barazani ndiye anayekufa."

Neno hilo, anayekufa, lilimvunja Ntim. Akakaa kwenye sakafu. "Jumanne," alisema. "Jumanne nilimkuta mvua inamnyeshea barazani. Nilimbeba kumwingiza ndani. Nilikuwa sijavua nguo za kazi. Nilimkumbatia, Sista, nilimkumbatia hivi." Akaonyesha kwa mikono. "Halafu ndiyo nikaenda kunawa."

"Basi huenda imeingia kupitia ngozi," alisema Sista Lariba, ingawa uso wake haukuridhika. "Mvueni nguo zote. Aoshwe kwa sabuni na maji mengi. Mimi nitampiga sindano ndogo kwanza. Dawa yenyewe ninayo kidogo, na moyo wake ni mzee, siwezi kumjazia kwa kubahatisha."

Wakamvua. Eno Nsowaa, ambaye hata binti zake hawakuwahi kumwona bila kitambaa cha kifuani, alilala uchi chini ya taa ya umeme, mlango umeegeshwa tu, wagonjwa wengine wakipita. Dufie alimwosha. Alimsugua mabega, matiti yaliyolala, nyayo, kati ya vidole. Alimsugua vizuri, kwa mapenzi, na alijua kwamba anamwosha bure. Ute mweupe ulikuwa unashuka kutoka kinywani mwa kikongwe mpaka kwenye mto wa kulalia, na kila alipoufuta ulirudi. Asubuhi ile ile mikono hiyo hiyo ilikuwa imefuta ute mwingine, na hadi sasa ilikuwa inanuka ndimu.

"Pole, mwanangu," alinong'ona Eno Nsowaa, akiona aibu ya kumsumbua.

Nje ya mlango Ntim alikuwa anapiga paji la uso ukutani, si kwa nguvu, ila bila kuacha. "Nimemuua mama. Kwa mikono yangu. Nimemuua mama yangu."

Dufie aliweka kitambaa kwenye ndoo.

"Sista, ni konokono."

Sista Lariba akageuka na sindano mkononi.

"Mchuzi ulikuwa na konokono. Niliwaokota kwenye shamba lililopigwa dawa. Jumatano. Dawa ilipigwa Jumanne. Yeye amekula mikia. Kumi na moja."

Kelele za ukutani zikakoma.

"Saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

"Mungu wangu, mama! Sumu iko tumboni mwake, inaendelea kuingia, na mimi namwogesha nje!" Lakini hakupoteza muda kumgombeza. Aliita msaidizi wake, akapiga simu hospitali ya wilaya, akamsomea daktari mapigo ya moyo huku anavunja kichupa kwa mkono mmoja. Alimpiga sindano, akasubiri akiangalia saa, akampiga nyingine. Akampima Ntim naye na kumchoma. Kisha, bila kumtazama Dufie, akauliza yaliyobaki.

"Wengine waliokula?"

"Hakuna. Sisi tu."

"Wewe umekula?"

"Sikula."

Kalamu ilisimama kidogo juu ya karatasi. Kisha ikaandika. Sista Lariba hakuuliza kwa nini, na Dufie hakujua kama huo ulikuwa wema au la.

"Kuna uliowauza?"

Ndipo Dufie alipowakumbuka wale ishirini na wawili.  Muuza pilipili, aliyekuwa amekuja nao mpaka kituoni, alikuwa na namba ya Mama Atiemo. Simu ikaita mara tatu, ikapokelewa katikati ya makelele ya soko.

"Wapo bado," ilisema sauti ya Mama Atiemo, alipokwisha kuelewa. "Hawajauzwa hata mmoja. Unajua mimi nawauzia wajawazito, Dufie? Unajua?" Wakasikia beseni linamwagwa. "Nimewamwaga kwenye mtaro na nimewakanyaga. Kwangu usirudi." Kabla ya kukata aliuliza, kwa sauti nyingine, "Bibi anaendeleaje?"

Ntim alikuwa amesimama mlangoni, paji lake la uso lina vumbi la chokaa.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia."

Dufie alisubiri aone kama mumewe atasema zaidi, pengine hata ampige, ingawa hajawahi. Ntim alimpita, akaenda kukaa upande wa pili wa kitanda, akaushika mkono wa mama yake.

*

Ambulansi ya wilaya ilikuja kabla ya jua kuzama. Siku mbili Eno Nsowaa alikuwa hajui aliko. Siku ya tatu aliomba maji. Siku ya tano, Jumatatu, alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, mdogo kuliko alivyokuwa, akiongea na mgonjwa wa kitanda cha pili kwa sauti iliyokwaruza.

Wote walishajua habari ya konokono. Kijiji kizima kilishajua. Ntim alikuwa ameondolewa kwenye kikosi, mkuu wao akisema mpigaji dawa asiyeweza kulinda jiko lake hawezi kulinda mashamba ya watu. Alimpelekea Dufie taarifa hiyo kwa maneno machache, akarudi kukaa na mama yake. Maji ya kuoga bado alimchotea mkewe kila asubuhi pale hospitali, akaiacha ndoo mlangoni bila kusema.

"Ni makosa," Eno Nsowaa alikuwa anamwambia jirani yake. "Nani hajakosea? Njaa ya nyama ilikuwa yangu, si yake. Na unajua kwa nini yeye hakuugua? Kwa sababu hana ulafi. Nilimpa kwa mkono wangu huu, akanirudishia. Mungu alimwona."

"Una bahati ya mkwe, bibi," alisema jirani.

"Muulize mtu yeyote kwetu."

Dufie alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji wa mahindi, anaukoroga upoe. Jambo moja alikuwa hajalisema, na hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua. Angeweza kukaa nalo. Sista hakuuliza, Ntim hakuuliza, na huyu hapa alikuwa anamtafutia sifa kitandani. Alikoroga mpaka uji ukapoa kabisa.

"Eno."

"Naam, mwanangu."

"Siku ile niliuchota mchuzi wangu kabla sijaitia nyama."

Kikongwe aligeuza uso, akitafuta sauti ilikotoka. "Kwa nini?"

"Nilijiambia chungu kimejaa."

"Kilikuwa kimejaa?"

"Hapana."

Jirani alijifanya anatafuta kitu ndani ya mfuko wake.

"Ulijua, Dufie?" Hakumwita mwanangu.

"Nilikuwa na wasiwasi, Eno. Nilidhani nikiosha sana..."

"Sikukuuliza hivyo."

Dufie aliitazama mikono yake iliyoshika bakuli.

"Nilijua," alisema. "Nilipokamua ndimu, nyama haikukaza. Nilijua. Na uliponipa ule mkia, nilikurudishia."

Mkokoteni wa dawa ulipita kwenye korido, ukarudi. Macho ya Eno Nsowaa yaliyofifia yalijaa maji, na hakuyafuta, wala hakuita mtu. Mwishowe Dufie, kwa kukosa la kufanya, alichota uji kwa kijiko akausogeza mdomoni mwake, kama alivyofanya asubuhi na jana.

Midomo ya kikongwe ilibaki imefungwa.

"Eno, tafadhali. Hujala tangu asubuhi."

Midomo haikufunguka. Dufie hakuuondoa mkono. Alikuwa tayari kukaa hivyo hadi jioni.

"Onja wewe kwanza," alisema Eno Nsowaa.

Hakusema kwa hasira. Dufie alikirudisha kijiko, akakitia kinywani mwake, akameza. Kikongwe alijisogeza mbele, karibu kabisa, akalitazama koo la mkwewe mpaka uji uliposhuka. Kisha akasubiri kidogo, akafungua kinywa.

Dufie akamlisha. Alipochota tena, kinywa kilikuwa kimeshafungwa, na macho yalikuwa yanamtazama yeye. Akaonja. Eno akala. Bakuli lile liliwachukua karibu saa nzima kulimaliza, kijiko kimoja cha Dufie, kijiko kimoja cha Eno, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.